Mwezi kwa Mwezi

Mkataba wangu una kurasa mbili,
moja ya Kiarabu, moja ya kubahatisha.
Mwezi kwa mwezi, kama kodi ya chumba.
Goti likiteguka, klabu itasema pole,
nami nitasema ahsante,
na tiketi itakuwa imeshakatwa.

Hapa ni Ibra, daraja la pili.
Ukumbi una viti mia sita;
Jumatatu nilihesabu watu arobaini na mmoja,
pamoja na mtoto wa mwamuzi, aliyelala.
Kikapu cha upande wa msikiti kimeinama kidogo.
Sisi tunajua, wageni hawajui,
na hiyo ndiyo nyumbani.

Kampala nilicheza msimu mzima;
mshahara wa miezi mitatu bado uko njiani.
Manama nilikaa wiki sita,
mpaka Mserbia mmoja mrefu akashuka uwanja wa ndege
na jezi yangu akapewa yeye. Ikambana mabegani.
Nilifurahi kidogo. Mungu anisamehe.

Wakala huniita bingwa kila tarehe moja,
siku ya asilimia kumi yake.
Tarehe nyingine hapatikani.

Mama, Tanga, huwaambia majirani:
mwanangu anacheza mpira Uarabuni.
Hawaulizi mpira gani.
Wameona bati jipya, wameelewa.

Pasipoti inasema thelathini na mbili.
Goti la kushoto linanizidi umri.
Biju, tabibu wa timu, mtu wa Kerala,
akilifunga bandeji huzungumza nalo lenyewe,
kwa upole, kwa Kimalayalam,
na mimi hanitazami.

Sasa, usiku ule walikuja Sur.
Wakanipa mtoto wa kunikaba, Azzan, namba tatu,
ndevu zake bado zinabisha hodi.
Robo ya pili akanipumulia sikioni:
"Babu wee, hebu kalale, utakuja teguka bure."

Kiswahili!
Tena si hiki chetu cha mitaani,
ni cha Unguja ya zamani, cha jikoni kwa bibi,
kilichotunzwa kama sahani za wageni.
Nikasimama. Nikacheka.
Akanipita, akafunga.
Kocha akanitukana kwa lugha mbili.

Robo ya nne nikampeleka kushoto,
nikamrudisha kulia,
nikamwacha anakumbatia hewa,
nikaupiga ubaoni palepale panapoinama.
"Msalimie bibi," nikamwambia.

Nilifunga ishirini na mbili.
Tulifungwa kwa nne.
Magazeti hayakuandika lolote kati ya hayo.

Nje, basi lao likinguruma,
yule kijana akanikimbilia na simu mkononi:
"Bibi huyu. Hataki kuamini kama nimemkuta Mtanga hapa."
Sauti ikatoka imechoka, imechangamka.
Hakuuliza nani kashinda.
"Umekula, mwanangu?"
Nimekula, bibi.
"Na huo mpira wenu, una kiinua mgongo?"
Nikasema: mgongo upo, bibi.
Cha kuuinua ndicho hakipo.
Akacheka mpaka akakohoa,
akasema, basi mpe simu huyo mpumbavu wangu,
asije akaachwa na basi.

Nikarudi ndani kuchukua viatu.
Msafishaji alikuwa anazima taa, safu baada ya safu,
akabakiza moja, ya upande wa msikiti,
bila kuniuliza.
Barafu ya Biju ilikuwa imeshageuka maji kwenye mfuko.
Nikachukua mpira.
Ilikuwa tarehe ishirini na nane:
siku mbili zaidi za kuwa na namba mgongoni.
Nikarusha. Ukagonga chuma, ukarudi.
Nikasogea hatua moja kulia,
nikarusha tena.