Geti

Darasa letu la jioni liko Pasua, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Pumba zinatua kwenye madaftari. Tunazipuliza, tunaandika.
Mwalimu Aikaruwa amechora neno moja ubaoni,
herufi tatu, fupi kama kidole gumba.
"Hili," anasema, "ni mpagazi.
Lipe mzigo wowote, litabeba."

Mimi, kwa masikio yangu ya Marangu, nikasikia geti:
lile la mlimani, tunaposimama alfajiri
na viatu vya kuazima
mpaka kiongozi aite majina kumi na matano
na lako liwe la kumi na sita.

Ukiamka, ni hilo.
Ukipokea barua, ni hilo. Ukishikwa na homa, hilo hilo.
Ukielewa, umelitumia. Ukilowa, ukizeeka,
ukishuka ngazi, ukifika kwako, ukioa.
Kundaeli akanyoosha mkono: "Na ukikosa?"
Mwalimu akapangusa chaki kwenye sketi.
"Ukikosa, unalikana kwanza. Halafu unalitaja vilevile."

Wiki iliyofuata jina langu likaitwa la nne.
Kilo ishirini, Mandara, Horombo, Kibo.
Huko juu mgeni mmoja, mama wa nywele nyeupe,
aliketi juu ya jiwe, midomo ya buluu,
akasema lile neno na kuelekeza kidole bondeni.
Sikungoja mkalimani.
Nilimshika kiwiko tukateremka,
hatua, pumzi, hatua,
mpaka ukungu ukawa mvua na mvua ikawa miti.

Getini akavua soksi zake za sufi, akanipa.
Akalisema tena, ila safari hii limegeuka:
ile herufi ya katikati imekuwa duara,
kama mdomo wa mtu aliyetua mzigo.

Nyumbani mama alikuwa akipunguza majani ya migomba.
Hakugeuka. "Umepata?"

Nikasimama pale na begi langu.
Kumbe na sisi tunaye mpagazi wetu:
tunapata mtoto, tunapata ajali,
maji yanapata moto, kijana anapata jiko,
na hakuna aliyewahi kumwuliza kama mgongo unamuuma.

"Nimepata," nikasema.
Akanyoosha mkono, akazipokea soksi, akazinusa.
"Hizi," akasema, "zifuliwe mara mbili."