Mnazi Wenyewe Uko Wapi

Sikukuu imekwisha. Siku ya nne imekunjwa na maturubai yake,
na mimi, Kazija binti Mcha, naingia kiwanjani
kabla jua halijapanda majumba ya Michenzani,
na ufagio wangu wa chelewa.

Naanza palipokuwa na mabembea.
Kiatu cha mtoto, cha kushoto, chekundu, bado kinang'ara.
Karatasi za ubuyu. Vijiti vya mishikaki.
Bangili iliyovunjika mara tatu ikakataa kuacha uduara wake.
Shilingi mia mbili. Hiyo sikuiona, mnielewe.

Jana mjukuu wangu Ruzuna alinivuta mkono hapahapa,
midomo imemwiva kwa ubuyu:
"Bibi, na mnazi wenyewe uko wapi?"
Muulize muuza kahawa, nikamwambia.
Muuza kahawa akaonyesha hospitali.
Vuai wa tikiti akaonyesha baharini.
Polisi akasema mnazi hakuna, jina tu hilo,
kwani Darajani kuna daraja?

Hapa palikuwa maji.
Bahari ilipenyeza mkono ikaukata mji pande mbili,
huku mawe, kule udongo na makuti,
na watu wa kule wakavuka kuja kufua nguo za watu wa huku.
Bibi yangu alikuwa mmoja wao.
Alirudi magharibi na vidole vilivyokunjamana,
akila wali, wali unanuka sabuni.

Kisha wakaja wenye ramani.
Kifusi, taka, mchanga, toroli kwa toroli, mwaka kwa mwaka,
hata bahari ikachoka kurudi kwake.
Wakaotesha majani.
Na majani yale, jamani, yalikuwa ukuta:
hayakuwa na jiwe hata moja na hakuna wa Ng'ambo aliyeyaruka,
ila aliyeitwa.
Baba aliitwa. Miaka tisa,
akikimbilia vijipira vyeupe vya Wazungu vilikopotelea,
senti tano kwa siku, na kukaa marufuku.
Amekufa na tabia ileile. Ukimkaribisha kiti,
atakwambia, "Ahsante, nimesimama."

Siku za siasa sizisemi sana. Nilizifagia, basi.
Rangi hii Jumamosi, rangi ile Jumapili,
chupa za maji zilezile.
Ila mara moja niliokota ndara.
Nyingi. Nyingi mno.
Watu walikuwa wameondoka bila ya kuaga miguu yao.
Sikuuliza. Nilizipanga mbilimbili kando ya uzio,
iliyokosa mwenziwe nikaiozesha na mkiwa mwingine,
nikaenda zangu.
Asubuhi ya pili zilikuwa zimepungua.
Nikasema alhamdulillahi,
wengine wapo.

"Mnazi si huu," nilimwambia Ruzuna, nikamwinulia ufagio.
"Chelewa hizi zimetoka wapi kama si kwenye mnazi?"
Akanicheka hadi akakaa chini.
"Huo umeununua Mwanakwerekwe!"
Kweli. Elfu moja na mia tano, na hapo nimepunguziwa.

Alikaa chini, lakini. Katikati ya kiwanja,
gauni la Idi, miguu kainyoosha,
na mimi nilisimama nikamtazama muda mrefu
kuliko kicheko chake kilivyohitaji.

Sasa nimefika penye bonde, karibu na goli.
Bamvua la mwezi mchanga halijaisha nguvu.
Chini ya majani maji yanachomoza, kidogo kidogo,
na mvua haijanyesha tangu kumi la kwanza la Ramadhani.
Nachovya kidole, naonja.
Chumvi.

Kiatu chekundu nimekitundika kwenye mwamba wa goli,
mama yake akipita akione.
Maji yamenifika kisigino.
Nayazunguka, nafagia pembeni,
kama mtu afagiaye chumba
chenye mgeni aliyelala.