Na Ndugu Zake

Achao, kisiwani Chiloé, mwezi wa tisa.
Mvua imeanza tangu Jumanne na haijaomba radhi.
Saa kumi na mbili asubuhi natia kuni jikoni,
navuta kiti karibu na dirisha,
nafungua Kitabu palipo na alama:
uzi wa sufu uliobaki kwenye soksi zake.

Abelardo hanioni. Macho yake yalifungwa na sukari
mwaka ule bahari ilipolichukua gati.
Hujua nimelipata somo la siku
kwa jinsi ninavyokohoa.

"Leo ni nini?"
"Leo majina tu. Fulani wa fulani wa fulani.
Tuliruke, tusome zaburi."
"Soma. Si kila siku chungu kina nyama."

Basi nasoma. Ibrahimu, Isaka, Yakobo.
Ulimi unajikwaa kwa Aminadabu
kama mguu kwenye ngazi yetu ya tatu, ile iliyooza.

Nafika kwa mke wa Uria, nasimama.
Mfalme ana jina, mtoto ana jina,
marehemu mumewe ana jina,
yeye ni mke wa.
Kule kwenye chama cha ushirika, daftari la mbolea,
mimi nami ni mke wa Abelardo, mwaka wa thelathini na mmoja.
Namwambia kimoyomoyo: Naitwa Edelmira.
Nimefurahi kukufahamu.

Namaliza. Nafumba macho, ndivyo tulivyofundishwa:
soma, nyamaza, acha neno likutafute.
Neno halinitafuti.
Nasikia birika. Nasikia mbwa akijikuna chini ya meza.

"Rudia pale mwanzo."
"Wapi?"
"Kwa Yuda."
Narudia: Yakobo, baba wa Yuda na ndugu zake.
"Na ndugu zake. Ndiyo basi?"
"Ndiyo basi."
"Watu kumi na mmoja!"
"Hata Yusufu, pamoja na kanzu yake."
Anacheka kidogo. Kisha hacheki.

Nyuma ya nyumba kuna ua.
Baba yao alipokufa Eleuterio aliusogeza hatua tatu,
au Abelardo aliusogeza hatua tatu;
mimi niliolewa hapa, sikupima.
Miaka tisa. Jumapili hukaa benchi moja, la ukoo,
na wakati wa kupeana amani
hupeana kwa ncha za vidole,
kama mtu anayeshika mfuniko wa moto.
Hapa mezani ni "yule wa ng'ambo".

Sisemi kitu. Somo la siku si fimbo;
ukimnyooshea mwenzako
linakukatikia mkononi.

Ananyoosha mkono, anapapasa gunia la mbegu mlangoni,
viazi vile vya zambarau,
vimeshaota macho, vyenyewe, gizani.
"Hivi ni vingi," anasema, "kwa watu wawili."
"Ni vingi."
"Vya Eleuterio vilioza mwaka jana. Nilivinusa."

Jina hilo. Ndani ya jiko hili.
Naogopa hata kuipuliza chai yangu.

Mvua inazidi. Hakuna anayeinuka.
Nauhamisha uzi ukurasa mmoja mbele,
penye seremala aliyelala na wasiwasi wake.
Hiyo ni ya kesho.
Gunia limebaki mlangoni,
mdomo wazi.