Kisogo cha Nina

Umeme unapokatika Kadutu
Mushagalusa huanza kuhesabu:
ngazi arobaini na moja hadi mlangoni,
ya ishirini ina ufa, ya thelathini imeliwa na mvua.
Wenzake hukimbia. Yeye hupapasa ukuta.

Shangazi zake walisema ni mimi.
Nilikula nini, nilimchukia nani,
nilikanyaga kaburi gani kule Kabare.
Nikakana. Nikaapa kwa maziwa yangu.

Leo daktari, mama mfupi mwenye kikohozi,
amechora vijiti viwili nyuma ya bahasha ya vidonge.
Hiki chako, mama, na hiki chako.
Kimoja kimedondosha herufi.
Wewe unasomea kile kingine.
Mtoto wa kiume ulimpa kimoja tu.

Kumbe walisema kweli, ni mimi;
na hawakusema kweli hata chembe.

Nimemkumbuka mjomba Cirhuza
aliyetumbukia Ruzizi usiku wa harusi.
Tulisema kasiksi.
Bibi alimzaa yeye, akamzaa mama,
mama akanizaa mimi,
na herufi ile isiyokuwapo
ikapita kwetu sote bila kubisha hodi.

Nabintu ana miaka sita. Anaruka kamba.
Labda amebeba. Sijauliza.

Mwana hutazama kisogo cha nina, hunena wahenga.
Usiku huu giza limeshuka tena,
nami nimeshuka kumpokea,
kitambaa cheupe nimekifunga kisogoni,
kitoshee kwenye kitundu cha nuru alichobakiwa nacho.

"Ya ishirini," nasema.
"Najua, mama. Panda."