Tundu la Kumi na Saba

Saa saba na nusu naondoa vikombe kabatini,
navilaza kitandani juu ya blanketi kama watoto wa homa.
Mkono wa kushoto umeshika sufuria ya sombe,
wa kulia umeshika mwimo wa mlango.
Hapa Ruashi sihitaji saa ya ukutani.
Ilikwisha kuanguka.

King'ora cha kwanza: mbwa wa Mama Kabedi anaingia chini ya meza.
Cha pili: Mama Kabedi mwenyewe ananyamaza, na hilo si dogo.
Cha tatu ni cha mume wangu.

Kisimba hulipua. Sisemi "anafanya kazi mgodini",
maana wako wafanyao kazi mgodini wakapika chai tu.
Yeye hushindilia baruti katika matundu yaliyopangwa mistari kama mahindi,
huunga nyaya, huzihesabu, hurudi nyuma, huzihesabu tena,
kisha huinama nyuma ya tuta la udongo mwekundu
na kusema neno moja kwenye redio.
Jioni huniuliza, "Leo ilifika nyumbani?"
kama mtu anayeulizia barua.

Hufika. Hupita chini ya nyayo kwanza,
sikio huambiwa baadaye.
Nyufa naziandikia tarehe kwa penseli:
huu wa Februari, ulianzia dirishani,
huu wa Pasaka,
huu mwembamba kama unywele ulikuja siku Chola alipoota jino.
Kijana wa kampuni alileta kisanduku, akakiweka sakafuni,
akasubiri, akaandika.
"Mama, mtikisiko uko chini ya kiwango."
Nikamwambia, mwanangu, mimi niko chini ya paa.

Usiku Kisimba hukoroga saruji ya kukopa,
huziba kwa kijiko alichokifungua mchana.
Sijaona mume mwingine anayelipwa kuipasua nyumba yake
akautumia mshahara uo huo kuishona.

Juzi, sikukuu ya Mtakatifu Barbara,
mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Kipushi.
Vikombe kitandani. King'ora. King'ora. King'ora.
Nikahesabu hadi kumi, kama kawaida.
Ishirini.
Radi ilinguruma, lakini radi naijua,
hutoka juu, haina adabu ya kupitia sakafuni.
Arobaini.
Ukuta haukusema kitu.

Miaka yote nimeuombea ukuta huu amani.
Ilipokuja, magoti yaliniishia nguvu.

Maana aliwahi kuniambia, mara moja tu, akiwa amelala chali:
baruti iliyolia imemaliza maneno yake.
Iliyonyamaza ndiyo ya kuogopwa.
Na baada ya kungoja, kungoja sana,
lazima mtu mmoja aende kwa miguu kuiuliza.

Nikavirudisha vikombe kabatini.
Nikavitoa tena.
Bukari ikafanya ngozi. Chola akauliza mbona leo haijalia bum,
nikamfokea, kisha nikamfuta pua ambayo haikuwa na kitu.
Mama Kabedi akaja na kigoda, akaketi mlangoni pangu,
hakusema neno. Mvua ikatunyeshea sote wawili miguu.

Saa kumi na kitu:
mlio mmoja, mfupi, wa peke yake,
kama mgeni anayekohoa kabla ya kubisha hodi.
Kikombe cha buluu kikamgusa mwenzake, *tii*.
Mama Kabedi akainuka, akachukua kigoda chake.
"Haya. Nguo zangu zinalowa."

Alirudi usiku, vumbi jekundu hadi kwenye kope,
akala bukari baridi bila kulalamika.
"Tundu la kumi na saba," alisema, akaomba maji ya kunawa.
Sikuuliza nani alikwenda kwa miguu.
Viatu vyake vilikuwa na tope ambalo si la barabara yetu.

"Ilifika?"

Nikampa penseli.
Akashika taa, akaupapasa ukuta kuanzia dirishani hadi pembeni,
akiutafuta ufa wa leo. Hakuupata.
Akaandika tarehe mahali pazima.