Kilo Arobaini na Tisa

Miaka thelathini na moja baba yangu, Nasor bin Muhenna,
alitibu ndege uwanjani Sib kwa kubadilisha visanduku.
Taa ikiwaka, soma namba. Namba ikisema, ng'oa.
Tia kipya, piga sahihi, nenda kale wali.
"Ugonjwa wenyewe," anasema, "sikuwahi kuuona.
Niliona vyeti vyake tu."

Alipostaafu tukadhani atafuga mbuzi.
Akaleta mianzi.

Ilishushwa mbele ya nyumba, Al Khoudh,
mirefu, bado ina ukijani kwenye vifundo.
Sasidharan wa duka la mbao kaichagua mmoja mmoja
akiigonga kwa ukucha kama mnunua tikiti.
Pamoja nayo, mchoro wa miaka mia na ushei:
ndege ndogo iliyopewa jina la kerengende,
ambayo aliyeibuni aliwaachia watu bure,
atakaye na aunde, hadaiwi hata senti.
"Basi nami nimetaka," akasema baba,
kama aliyealikwa harusini
na kadi ikachelewa kufika.

Mama akahamisha kamba ya kuanikia.
Gari likahamia juani.
Hariri ilitoka Matrah, na muuzaji, akikata,
akauliza bi harusi ni nani.

Nikueleze inavyoongozwa, maana nami sikuamini:
mbawa hazina usukani. Kuna koti.
Mgongoni mwa koti imefungwa kamba
inayokwenda hadi kwenye ncha za mbawa;
ukiegemea kulia, bawa linajipinda kukusikiliza.
Ndege hii haiendeshwi. Inavaliwa.

Mchoro una kosa kwenye mkia,
vipimo viwili vya fimbo moja havielewani.
Kaka yangu Harith akasema kompyuta itanyoosha kwa saa moja.
Baba akamtazama kama aliyetukana mgeni.
"Ukisahihisha barua ya marehemu
umeshaandika ya kwako."
Usiku ule nikamkuta na tochi mdomoni,
anapima, anafuta, anapima,
anacheka peke yake kwenye giza la banda.
"Njoo uone. Hapa kosa lina sura.
Unaweza hata kulishika sikio."

Afisa wa anga alikuja na fomu.
Kwenye "Madhumuni" wakakaa, wakanywa kahawa,
wakala halua nusu bakuli.
Pakabaki patupu.
Ruhusa: kukimbia chini, si kuruka.

Mwezi wa pili ikasimama kwa magurudumu ya baiskeli.
Baba akajikalia kwenye kitambaa baina yake,
na mwanzi ukalia.
Haukuvunjika. Ulilia tu, sauti ya mlango wa jirani.
Akashuka taratibu, akijishika kiuno.
Kumbe aliyeibuni alikuwa kibwana chepesi,
na mchoro, kwa adabu au kwa kusahau,
ulidhani wanadamu wote tuko hivyo.
Baba ana tisini na mbili, na sukari.

Akafuta mikono. Akakunja kitambaa mara nne.
"Zuwena, mwanangu, wewe una kilo ngapi?"
Mama, kutoka jikoni:
"Hana! Hana hata moja!"

Ijumaa, uwanda wa chumvi upande wa Mahut,
alfajiri, kabla upepo haujaamka.
Koti lilishonwa kwa mabega ya baba;
mikono imenimeza mpaka kwenye kucha.
Akaifunga kamba mgongoni mwangu, fundo mbili,
akaipapasa ile ya pili,
asiseme neno.

Injini ya pikipiki ikakohoa, ikashika.
Chumvi ikaanza kusagika chini yangu, krrr,
ikasagika kwa kasi, mkia ukanyanyuka,
halafu ule msago ukanyamaza.

Baba anasema pumzi mbili.
Harith, aliyelala kifudifudi na kamera, anasema
magurudumu hayakuachana na ardhi.
Wanabishana mpaka leo, na mimi sijawaamulia.

Ninalolijua ni hili:
katika ule ukimya niliegemea kidogo, kushoto,
kuona kama itanisikia.