Kulabu ya Tisa

Jina lake tulilitaja vibaya wiki tatu nzima.
Nasema "tulilitaja" kwa kujificha nyuma ya wengi;
ni mimi niliyeliandika kwa wino wa kijani,
nikalibandika juu ya kulabu ya tisa,
nikalisoma kama lilivyolala kwenye fomu:
Langi, kwa g ngumu, g ya gogo.

Naye akasimama chini ya jina hilo
na koti lake la mvua, vifungo vyote vimefungwa,
kama abiria aliyeambiwa basi li njiani.

Hapa Oamaru upepo wa Julai hutoka kwenye barafu,
hupita bandarini, huokota harufu ya pengwini
na kuileta hadi mlangoni pa chekechea.
Bibi yake, Seini, alikuwa nje, kwenye upepo huo.
Sisi ndio tuliomwambia:
aga haraka, mama, usigeuke,
wakiona mgongo hunyamaza upesi.
Ndivyo tulivyofundishwa.
Kweli hakugeuka.
Alilizunguka jengo, akaja kusimama uzioni, upande wa pili.

Ukutani tulikuwa na "karibu" kwa lugha kumi na moja,
herufi za rangi, zimezungushiwa alama za viganja.
Hapakuwa na mwalimu hata mmoja
aliyeweza kuzitamka tatu.

Baba yake, Lisiate, alikuja mara moja,
ametoka zamu ya usiku kiwanda cha nyama,
macho mekundu, kofia mkononi.
Nilimpa karatasi tano asaini.
Akasaini zote, akashukuru, akaenda kulala.
Nikaandika daftarini: familia haina maswali.
Sentensi hiyo bado ipo. Sijaifuta.
Naiacha iniume.

Aliyetufumbua ni Fergus, wa miaka minne,
kamasi hadi mdomoni, mguu mmoja hauna kiatu.
Alikuwa na ndoo mbili na mtaro wa kuchimba,
kazi ya watu wawili.
Akaita kutoka kwenye shimo la mchanga:
Lang'i! Lang'i, njoo ushike hapa!

Ng' ile ile ya ng'ombe,
laini, inayopanda puani kabla ya kutoka,
na maana yake, nilikuja kuambiwa, ni mbingu.
Koti likageuka.
Ndani yake mlikuwa na mtoto.

Nani kakufundisha? nikamuuliza Fergus.
Akanitazama kama niliyeuliza iwapo maji yana unyevu.
Bibi yake huita hivyo. Pale uzioni. Kila siku.

Sisi tulikuwa tumesoma. Yeye alikuwa amesikia.

Alasiri ile nikatoka na kiti,
si vile viti vyetu vya kufika magotini,
kiti cha watu wazima, nilichokiiba jikoni kwa Morag.
Bibi Seini, nikasema, nisahihishe.
Akacheka. Alicheka mpaka ikabidi akikalie.
Tukarudia pale baridini, mimi na yeye,
ng', ng', ng', kama watu wawili waliopaliwa,
hadi akasema inatosha, chai iko wapi?

Chai yetu aliiona nyepesi, akasema.
Uji nao ulimshangaza, akasema pia.
Wiki iliyofuata Lisiate aliniuliza maswali manne
kabla sijapata hata kufunga mlango,
na mawili sikuwa na majibu yake.

Sidai kwamba mambo yamenyooka.
Jumatatu koti bado halivuliwi hadi saa nne,
na siku nyingine halivuliwi kabisa,
tunalipaka rangi pamoja na mwenyewe.
Kile kibandiko cha kijani sikukibadilisha.
Herufi zilikuwa sahihi tangu mwanzo;
kinywa ndicho kilichokosea.

Kiti hakijarudi jikoni.
Morag anamenya karoti amesimama,
ananung'unika,
na ng' yake, nimeisikia, haina kasoro.